Kutoka mtungi wa alumini hadi mtungi mkubwa wa chuma: jinsi ya kuuchagua na kupanga upya risasi

Kuanzia Oktoba hivi, bahari ya Diani na Watamu inapoanza kutulia, maswali yaleyale humiminika kutoka kwa wazamiaji wa Nairobi. Nichukue mtungi wa hewa wa lita 12 au 15? Nikiacha alumini nikashika chuma, nitoe kilo ngapi za risasi (vile vipande vizito vya kukuzamisha) kwenye mkanda? Huu mtungi wa Marekani ninaouziwa kwa bei ya kutupa una kasoro gani? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka yote hapa.

Namwandikia mtu ambaye tayari ana cheti, amezoea mtungi wa alumini wa kukodi, na geji yake ya hewa hufika 50 bar (bar ni kipimo cha presha) wakati wenzake bado wana 90. Kama bado uko darasani, tumia mtungi unaopewa na mwalimu wako na usijisumbue na haya kwa sasa.

Jambo la kushika kabla ya mengine ni hili: risasi hupimwa kwa mtungi ulio karibu mtupu. Hewa ina uzito, na sehemu kubwa yake unaipumua ukiwa chini. Kinachotakiwa ni wewe kuweza kutulia mita 5 ukiwa na 50 bar, bila kupanda na bila kupiga mapezi. Ukielewa hapo, hatua nyingine zote zitajieleza.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Daftari lako la mizamo, lenye kilo ulizobeba, suti uliyovaa na bar ulizobakiwa nazo.
- Suti, jaketi (lile la kujazwa hewa ili uelee) na mapezi utakayotumia kweli baharini. Ukipima kwa suti ya kuazima, umepima suti ya mwenyewe.
- Mizani ya ndoano, ile ambayo wasafiri huning'inizia mabegi.
- Vipande vidogo vya risasi, vya nusu kilo na kilo moja. Vile vya kilo mbili mbili havifai kwa kazi hii.
- Kamba imara, kama mita mbili.
- Bwawa lenye kina cha kukufunika kichwa ukiwa umesimama, pamoja na ruhusa ya wenye bwawa. Mabwawa mengi ya hoteli hawapendi kuona mtungi ukiburutwa juu ya vigae vyao, kwa hiyo beba mkeka au kipande cha zulia.
- Mwenzako mwenye cheti. Hata bwawani, usizame peke yako.

Kuhusu risasi: usimpelekee fundi wa jua kali betri kuukuu akuyeyushie. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, na huwaumiza watoto kuliko wote. Yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, yanatosha. Nunua vipande vilivyokwisha kutengenezwa, ikiwezekana vyenye ganda la plastiki.

Sehemu ya kwanza: kuchagua mtungi

Hatua ya 1. Jua unapumua kiasi gani. Chukua mizamo yako ya karibuni kutoka kwenye daftari. Zidisha bar ulizotumia kwa lita za mtungi, gawanya kwa dakika, kisha gawanya kwa presha ya kina cha wastani (mita 10 ni 2 bar, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4). Mzamiaji wa kawaida hupata kitu kama lita 15 hadi 20 kwa dakika. Ukipata 25 au zaidi, mtungi mkubwa utakusaidia kidogo, lakini kupunguza risasi ulizobeba bila sababu kutakusaidia zaidi. Mtu mzito mno hujaza hewa kwenye jaketi, miguu ikazama, akaogelea amesimama wima kama mtu anayepanda ngazi, na hewa ikamwishia hapo.

Hatua ya 2. Linganisha kwa lita za maji, usilinganishe kwa majina. Mitungi ya Ulaya huitwa kwa ujazo wake wa ndani: lita 10, 12, 15. Ya Marekani huitwa kwa futi za ujazo za hewa inayoingia mtungi ukijazwa hadi presha yake kamili. Ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mtungi wa alumini unaoitwa futi 80, ambao ndio umejaa kwenye mashua zetu, una ujazo wa lita 11.1 tu, na presha yake ni 207 bar.

Sasa tazama. Mtungi wa chuma unaoitwa futi 100 huhesabiwa hivyo ukiwa na 237 bar, yaani psi 3442 kwa kipimo cha presha cha Marekani. Ukifika pwani ukajaziwa 200 bar kama kila mtu, una futi 84 tu. Ulilipia 100. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, piga simu kituo unachokwenda mara nyingi uulize: mnajaza hadi ngapi? Jibu likiwa 200, fanya hesabu zako zote kwa 200.

Kwa 200 bar, ukiacha 50 za akiba, una 150 za kutumia:

- alumini ya lita 11.1: lita 1,665
- chuma cha lita 12: lita 1,800
- chuma cha lita 15: lita 2,250

Kutoka alumini ya kawaida hadi chuma cha lita 12, kwa presha ileile, unaongeza hewa kwa asilimia 8 pekee. Anayekuambia kwamba lita 12 "ina hewa nyingi sana" anakuuzia. Faida kubwa ya chuma cha lita 12 ni kilo zinazotoka kiunoni. Anayetaka hewa ndiye wa kwenda lita 15.

Hatua ya 3. Jiulize hewa ya ziada utaitumia wapi. Kwenye matumbawe ya Kisite, kwa kina cha mita 12 na pumzi ya lita 20 kwa dakika, alumini inakupa kama dakika 38 na lita 15 inakupa 51. Hiyo tofauti unaiona. Lakini nenda kwenye Dania, meli iliyozamishwa mwaka 2002 karibu na Mombasa, ambako sakafu iko mita 30 hivi. Alumini inakupa takriban dakika 20 na lita 15 inakupa 28, ilhali jedwali la PADI, shirika la kufundisha uzamiaji, linakupa dakika 20 tu kwa kina hicho. Dakika 8 za ziada haziwi zako za kuzurura. Ni akiba ya kupandia, na ya kumsaidia mwenzako akikwama. Mtungi mkubwa umewaingiza wengi kwenye mizamo ya kusimamia njiani (kulazimika kusimama unapopanda ili naitrojeni itoke mwilini) ambayo hawakuifundishwa. Usiende huko.

Kumbuka pia kwamba mzamo huisha pale hewa ya mmoja wenu inapoisha. Kama mwenzako ana lita 11, lita zako 15 hazitamwongezea hata dakika moja.

Hatua ya 4. Ubebe dukani. Mtungi wa lita 15 uliojaa, pamoja na valvu yake, hupita kilo 20. Kuubeba kutoka gari hadi mashua, ufukweni, jua la saa nne, kwenye mchanga laini wa Diani, ni kazi. Uvae na jaketi, simama, inama, panda ngazi. Angalia pia urefu: mitungi ya lita 12 huja kwa umbo refu jembamba au fupi nene. Mtu mfupi akichukua ule mrefu, kitako cha mtungi humgonga matakoni na valvu humgonga kisogoni. Unene wa alumini ni milimita 184, ilhali mitungi mingi ya lita 15 ina 203, kwa hiyo hakikisha mkanda wa jaketi lako unaufikia na bado unabana.

Maoni yangu, ukiyataka: kwa mtu wa umbo la wastani anayeteremka pwani mara mbili tatu kwa mwaka, lita 12 inatosha, na kukodi kunamfaa kuliko kununua. Lita 15 ni ya mtu mkubwa wa mwili, au anayefanya kazi chini ya maji.

Hatua ya 5. Soma mihuri shingoni. Usiangalie rangi. Chukua tochi usome maandishi yaliyogongwa kwenye bega la mtungi. Tafuta:

- ujazo wa maji kwa lita, na uzito wa mtungi ukiwa mtupu;
- presha ya kazi na presha ya jaribio; kwa mitungi ya Ulaya, ya jaribio huwa mara moja na nusu ya ile ya kazi, yaani 348 kwa mtungi wa 232, na 450 kwa mtungi wa 300;
- mwezi na mwaka wa jaribio la mwisho la presha ya maji;
- kwa mitungi ya Marekani, herufi 3AA maana yake chuma, 3AL maana yake alumini.

Uingereza na Marekani jaribio la presha ya maji ni kila baada ya miaka 5, na mtungi hufunguliwa ukakaguliwa ndani kabla ya hapo. Kituo makini cha pwani kitakataa kujaza mtungi uliopitwa na tarehe, na kiko sahihi. Usibishane na kijana wa kompresa.

Onyo. Mtungi wa chuma wa Marekani wenye muhuri wa psi 2400 ni wa 165 bar tu. Ukiwa na alama ya kujumlisha baada ya tarehe ya jaribio, unaruhusiwa asilimia 10 zaidi, yaani kama 182. Fundi aliyezoea alumini ataujaza 200 bila kuuliza. Bandika karatasi kubwa juu ya mtungi yenye presha yake, kisha simama hapo anapojaza.

Hatua ya 6. Chunguza valvu. Valvu ya klampu, ambayo regyuleta (kifaa cha kupumulia) hubanwa juu yake, ndiyo inayopatikana zaidi kwenye mitungi ya kukodi, na kikomo chake ni 232 bar. Kwenye valvu ya DIN, regyuleta huingia kwa kuzungushwa. Ipo ya 200 yenye nyuzi 5 na ya 300 yenye nyuzi 7. Chaguo la busara kwa mtu wa huku ni valvu ya DIN 200 yenye kipande cha katikati kinachotolewa: kikiwemo unafunga klampu, kikitolewa unafunga DIN. Ya 300 haikubali klampu kabisa.

Onyo kubwa. Shingo za mitungi ya Ulaya mara nyingi hutumia uzi wa M25×2. Za Marekani hutumia uzi wa robo tatu ya inchi. Valvu ya M25 inaweza kuingia kwenye shingo ya robo tatu inchi ikaonekana imeshika, kisha ikaruka mtungi ukijazwa. Valvu iliyoruka kwa presha hiyo inaua. Ukinunua mtungi na valvu kutoka sehemu mbili tofauti, mpe fundi wa mitungi asome uzi wa zote mbili kabla hajafunga chochote.

Hatua ya 7. Tafuta kutu. Vua kile kiatu cha plastiki chini ya mtungi. Hapo ndipo maji ya chumvi hujificha, na muuzaji anayekataa kukivua anakupa jibu. Kutu jepesi la juu linaloondoka kwa brashi si tatizo, lakini mashimo yanayoingia kucha ni tatizo. Geuza mtungi polepole karibu na sikio. Ukisikia kitu kinateleza au maji yanacheza, ufunguliwe kabla hujalipa.

Mtungi wa chuma uliokaa miaka na hewa ndani usiupumue. Kutu hula oksijeni, na geji haitakuonyesha hilo. Itasoma presha yako kama kawaida. Toa hewa yote polepole, ufunguliwe, ukaguliwe.

Na usipeleke mtungi kupakwa rangi ya gari pale Kirinyaga Road ikakaushwe kwa moto, wala usiruhusu mtu achomelee kishikio. Joto huharibu metali bila kuacha alama. Vilevile hewa ya kompresa ya karakana ni ya matairi. Ina mafuta na huenda ina moshi wa injini.

Sehemu ya pili: kupanga upya risasi

Hatua ya 8. Upime mtungi majini. Jedwali la kiwanda husaidia, ila majedwali mengi huhesabu mtungi bila valvu, na valvu peke yake ina karibu kilo moja. Mizani haina siasa. Punguza mtungi hadi 50 bar, ufunge kamba shingoni, uning'inize kwenye ndoano ya mizani ukiwa umezama wote bwawani bila kugusa ukuta wala sakafu. Subiri mapovu yaliyojificha ndani ya kiatu yatoke. Soma.

Tuseme chuma chako cha lita 12 kimesoma kilo 1.6. Maji ya bahari hubeba zaidi ya maji ya bwawa, kama asilimia 2.5, na mtungi huu unachukua nafasi ya lita 14 hivi kwa nje. Kwa hiyo baharini utasoma pungufu ya gramu 350: tuseme kilo 1.2 kwenda chini.

Fanya vivyo hivyo kwa alumini uliyozoea. Alumini ya 50 bar itaelea, kwa hiyo ifungie risasi hadi izame, pima vyote, kisha toa uzito wa risasi ndani ya maji (risasi ya kilo moja husoma karibu gramu 910 ikiwa imezama). Huna alumini karibu? Tumia makadirio: alumini ya futi 80 ikiwa tupu huelea kwa karibu kilo 2, na ikiwa na 50 bar huelea kwa kilo 1.3.

Hatua ya 9. Fanya hesabu ya kutoa. Alumini ilikuwa ikikuvuta juu kilo 1.3. Chuma kinakuvuta chini kilo 1.2. Tofauti ni kilo 2.5. Kama baharini ulikuwa ukitulia vizuri na kilo 6 za risasi, anza na kilo 3.5. Ndiyo hesabu nzima.

Ila ina sharti: hizo kilo 6 ziwe zilikuwa sahihi. Wengi wetu tulipewa kilo na kiongozi wa mashua aliyekuwa na haraka, naye huongeza mbili ili usimsumbue kwa kuelea. Ukitoa 2.5 kwenye namba mbovu unabaki na namba mbovu.

Hatua ya 10. Hakiki bwawani. Vaa kila kitu, mtungi uwe na 50 bar. Toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima, pumua nusu, ushike pumzi sekunde chache tu, usipige mapezi. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukizama kabla hujatoa pumzi, punguza nusu kilo. Usipozama hata baada ya kutoa pumzi yote, ongeza nusu kilo. Rudia. Hakikisha suti imelowa vizuri kwanza, maana suti kavu ina hewa na itakudanganya.

Hatua ya 11. Ongeza za bahari. Jumlisha uzito wako, vyombo vyote na risasi, kisha uchukue asilimia 2.5. Mtu wa kilo 80 na vyombo vya kilo 26 anapata kama kilo 2.6. Yule wa mfano wetu, mwenye kilo 3.5 baharini, anapaswa kutulia bwawani na kilo moja hivi. Namba hizo mbili zikikaribiana, uko sawa. Zikipishana kwa zaidi ya kilo moja, rudi hatua ya 8.

Bwawa la Nairobi lina kajambo kake. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, na mapovu ndani ya mpira wa suti hutanuka kidogo. Suti yako huelea zaidi hapa kuliko Watamu. Kwa suti ya milimita 3 tofauti si kubwa, lakini ndiyo sababu bwawa linakupa namba ya kuanzia tu, na bahari ndiyo inayoamua. (Kuna wanaouliza kama wanaweza kujaribia Naivasha. Pale kuna viboko. Risasi itakuwa shida yako ndogo.)

Hatua ya 12. Maliza kazi baharini. Mzamo wa kwanza na mtungi mpya uwe mfupi, mahali pa kina kidogo, na uwe umemwambia kiongozi unafanya nini. Mwenzako abebe vipande viwili vya nusu kilo vya akiba. Mwisho wa mzamo, ukiwa mita 5 na geji ikisoma 50, toa hewa yote kwenye jaketi utulie. Ukiweza kukaa dakika 3 hapo kwa pumzi tu, andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na aina ya mtungi na suti. Ukipanda, mwenzako akupe nusu kilo. Ukizama, mpe yeye.

Usishangae mwanzoni mwa mzamo kujikuta mzito. Hewa utakayoipumua, kutoka 200 hadi 50 kwenye lita 12, ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Kwenye lita 15 iliyojazwa 232 ni zaidi ya kilo 3. Uzito huo unabebwa na jaketi, kwa hiyo soma lebo ya jaketi uone linabeba kilo ngapi, na ulijaribu juu ya maji mtungi ukiwa umejaa.

Hatua ya 13. Gawa risasi. Mtungi wa chuma huuwezi kuutupa ukipata shida juu ya maji, risasi ya mkanda unaweza. Ndiyo maana mtu mwembamba, suti nyepesi, lita 15 mgongoni, anaweza kujikuta hana risasi hata moja ya kutupa na bado ni mzito. Huyo arudi lita 12 au alumini. Usijaribu kumaliza tatizo hilo kwa kuongeza hewa kwenye jaketi, maana jaketi likitoboka hakuna cha pili. Kilo chache zilizobaki zikae mahali mkono wako mmoja unapofika, na mwenzako ajue zinafunguliwaje.

Kuusafirisha

Kwa ndege, mtungi uwe mtupu na valvu imefunguliwa au kutolewa. Shirika lenyewe ndilo litakalosema. Kwa treni ya SGR, uliza kabla ya kukata tiketi, wala usifike kituoni Syokimau na mtungi uliojaa ukitumaini huruma. Kwa gari lako, ulaze kwa upana wa buti, ufunge usibingirike, valvu isielekee viti, na usiuache juani pale Mtito Andei ukinywa chai. Isipokuwa kwa ndege, usiumalize kabisa: bakiza 20 au 30 bar ili maji na unyevu visiingie.

Kurudi ndiko kunakosahauliwa. Kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara au treni ni kupanda mita 1,700, na kwa mwili wenye naitrojeni ya mzamo, hilo ni kama kupanda ndege. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri saa 12 baada ya mzamo mmoja usio na kusimama kwa lazima, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa au ya siku mfululizo. Ukiwa na hewa nyingi zaidi utakaa chini zaidi, kwa hiyo usifanye mzamo wa Jumapili asubuhi kisha ukapanda treni ya alasiri. Zama Ijumaa na Jumamosi, Jumapili kula samaki.

Mambo yakikataa

*Natulia vizuri mwanzo, mwishoni napanda.* Ulipima na mtungi uliojaa. Rudi hatua ya 10 ukiwa na 50 bar.

*Miguu inazama, kichwa kiko juu.* Chuma kimebadilisha mizani ya mwili. Pandisha mtungi sentimita chache kwenye mkanda wa jaketi, kisha hamisha kilo moja kutoka kiunoni hadi mkanda wa juu wa mtungi. Badilisha kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

*Nageuka upande mmoja.* Risasi hazijalingana, au mtungi umekaa upande. Mwenzako akutazame kwa nyuma kabla hamjaruka.

*Mtungi unateleza kwenye mkanda.* Chuma kilichopakwa zinki huteleza kuliko alumini. Lowesha mkanda kwanza ndipo ukaze, na ukaze tena.

*Nilikuwa sawa Watamu, Diani nimeelea.* Tazama suti. Mpya huelea kuliko iliyochoka. Tazama pia mtungi uliopewa: chuma na alumini zikipakwa rangi moja hufanana, kwa hiyo soma muhuri.

*Geji ilisoma 200 Nairobi, pwani inasoma 207.* Ni joto. Ikipoa ndani ya maji itashuka, kwa hiyo hizo 7 usizihesabu.

*Nasikia oringi, ile pete ya mpira ya valvu, inavuja kila nikifunga klampu.* Badilisha oringi, inagharimu pesa kidogo sana, na ubebe tano za akiba mfukoni. Ikiendelea kuvuja, kipande cha katikati cha valvu hakijakazwa. Funga valvu, toa presha yote kwenye regyuleta, ukikaze kwa ufunguo wake, halafu ufungue tena taratibu ukiwa umegeuza geji isikutazame usoni.